Jicho la Kushoto Halilali

Uvira, Kasenga
6 Mei 2024

Binti yangu Laure,

Pokea salamu za papa yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kalemie, wewe na wagonjwa wako wote, ingawa wagonjwa wakiwa wazima sijui wewe utakula wapi. Mimi mwili uko salama. Masikio ni yale yale, yameliwa na injini, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu na kupaza sauti hadi majirani wajue siri zetu. Barua nampa Jean-Berchmans, yule baharia wa boti ya Kalundu. Amesema ataiweka mkononi mwako.

Habari za hapa ni ziwa. Halitaki kurudi kwake. Jikoni kwa jirani Mama Geneviève bata wanaogelea. Maji yalipogusa mlango wa karakana yangu pale ufukweni, nililazimika kulitoa lile gari jekundu la patro, bosi wangu wa zamani, chini ya turubai na kulipandisha hapa nyumbani. Liliwaka, likakohoa, likatembea. Na umesikia kwamba matanga ya mama yako tutayaondoa Luberizi, kwa nyanya yako, tarehe 20 Julai.

Ila tangu wiki ile sina raha. Ni depresyo, binti yangu. Haikai. Asubuhi iko sawa, jioni imekwisha kuporomoka. Macho nayafunga vizuri. La kulia linatulia, la kushoto nikiamka nalikuta wazi, linatazama ukuta. Nazunguka uani, nakaa, nasimama, nazunguka tena. Nimekaza na kubana kila mahali, wapi! Nikikosa dawa kabla ya Julai, siendi mbele ya mama mkwe wangu katika hali hii. Heri nibaki.

Unakuja lini? Usiniandikie neno kazi.

Ni mimi papa yako,
Mathieu


Kalemie
14 Mei 2024

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi. Mimi mzima, ila barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta kiti, nikaisoma tena.

Asante kwa kulitaja neno hilo. Hapa wanaume wa rika lako wanatuambia tumbo, wanatuambia mgongo, na sisi tunajua ni nini kimewakalia moyoni. Hakuna anayesema depresyo. Wewe umesema, na mimi mtoto wako nimejivunia huku nalia. Sikiliza basi. Usikae peke yako. Kula hata kama hutaki. Pombe iache. Kuamka na kutazama ukuta ni dalili tunayoijua. Kuhusu jicho moja tu kukataa kulala, hilo sijawahi kulisikia, lakini huzuni haina kanuni.

Nimemwandikia Aline, tuliyesoma naye uuguzi. Yuko hapo Uvira, atakuja kukuona. Mpokee vizuri, Papa, usimtanie. Gari liache kwanza, gari linaweza kungoja.

Kuhusu kuja, wauguzi ni wachache hapa. Tutaona.

Binti yako anayekuwaza,
Laure


Uvira, Kasenga
25 Mei 2024

Laure, Laure, Laure,

Salamu kwanza, maana adabu ni adabu. Hujambo? Mimi sijambo, na nyumba nzima haijambo kwa kucheka.

Jumapili nimelala chali chini ya gari, naona miguu. Miguu mingi. Kutoka nje nakuta Aline wako na wamama watatu wa chorale, nguo za kanisa, nyuso za kilio. Nikadhani mtu amekufa. Wakaimba. Mimi sikusikia wimbo, niliona midomo tu, nikaitikia amina mahali nilipodhani panafaa. Kisha Aline akanikalisha, akanisogelea sikioni:

“Papa Mathieu, uko nalala?”

Nikajua habari za kazi yangu zimeenea mjini. Nikamwambia: “Ile ya kushoto hailale hata kidogo.”

“Na kulia? Uko nalia?”

“Kulia haina matata, mama. Matata yote iko ku kushoto.”

Akaandika. Wamama wakatikisa vichwa. Mmoja akanishika mkono akasema Mungu anayaona yote, nami nikajibu basi anioneshe ule mpira unaovuja.

Binti yangu, sisi mafundi depresyo ni hewa! Injini ikizunguka inafyonza hewa. Ule mvuto unahifadhiwa kwenye chupa ya bati, unapita kwenye mipira, unafika nyuma ya kila taa, na hapo ndipo unashika macho ya gari yabaki yamelala ndani ya boneti. Ukigusa swichi, mvuto unakatwa, springi zinasukuma, macho yanaamka. Pakivuja mahali, jicho linaamka lenyewe bila kuitwa. Ndiyo habari niliyokuandikia. Umeitangazia parokia nzima kwamba papa yako amerukwa na akili!

Sasa elewa kwa nini nahangaika. Siku ya kwanza kwenda kujitambulisha Luberizi, patro aliniazima gari hili. Nikaingia uani kwa wakwe, nikagusa swichi nionekane mtu. La kushoto likafunguka, la kulia likakataa. Na nani amesimama mbele yake? Nyanya yako. Mama mkwe, ambaye kwa desturi yetu mimi hata machoni simtazami! Akapiga kelele: “Wazee, uyu mukwe wenu hana haya? Iko nanikonyeza na mutokari!” Wakanitoza mbuzi. Mama yako Honorine alicheka hadi akaketi chini, na miaka yote ya ndoa, tukigombana, alinifumbia jicho moja tu, na ugomvi ukaisha. Nilimwahidi kwamba siku moja nitamrudisha pale na gari hili hili, liamke macho yote mawili mbele ya mama yake. Patro alipoondoka akaniachia gari, ahadi ikazidi uzito. Siku moja, siku moja. Haikufika. Sasa nimebaki na hiyo tarehe 20.

Mvujo nilijua uko upande wa kushoto, maana nikiubana mpira wa upande huo, chupa inashika. Lakini ni kwenye kiungo au ndani ya kapsule yenyewe, kile kikopo kilicho nyuma ya taa? Kapsule nikiifungua bure nikaivunja, nyingine haipo hata Bujumbura. Mvujo unapiga filimbi nyembamba, na mimi filimbi siisikii. Basi Aline alipotoa kile chombo chake cha kusikilizia kifua, nikamshika mkono nikampeleka kwenye gari. Wamama wakadhani ndiyo ugonjwa wenyewe. Akainama, akaweka masikioni, akapita polepole kwenye mpira, kisha akaruka: “Papa! Iko napumua!” Ni ndani ya kapsule. Utando wa mpira umepasuka.

Nimefurahi, sikufichi. Lakini hayo yalikuwa masikio ya mtoto wa watu. Mimi nilikuwa nayangoja ya mtoto wangu.

Papa yako asiye mwehu,
Mathieu


Kalemie
9 Juni 2024

Papa,

Salamu za aibu. Nilisoma barua yako zamuni, nikacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha mlangoni akaniuliza kama kuna habari njema. Waambie wamama wa chorale nawaomba radhi. Mbuzi sitoi.

Ndani ya kifurushi hiki kuna mpira kutoka mashine ya presha iliyoharibika. Ule mfuko wa ndani, unaojaa hewa tukipima mkono wa mtu. Ni laini na hautoboki ovyo. Nimeuomba kwa mkubwa wangu, sikuiba. Ukate uwe utando, ujaribu.

Lakini Papa, nimekuwa muuguzi muda wa kutosha kujua mtu anapojibu swali ambalo sikuuliza. Gari nimelielewa. Je, wewe unalala?

Kuhusu kuja. Umenikataza neno kazi, kwa hiyo nakuambia lililo chini yake. Boti hazikusafiri wiki ile tulipompoteza, mkazika bila mimi. Kwa hiyo kichwani mwangu mama bado yuko jikoni Kasenga, anachambua mchele, anaimba vibaya. Siku nitakayoingia mlango ule na kuona jiko limepoa, ndiyo siku atakayokufa kwangu. Naogopa. Kila boti inayoondoka naitazama, mizigo yangu iko tayari nusu, kisha naitoa tena.

Binti yako,
Laure


Uvira, Kasenga
22 Juni 2024

Binti yangu,

Nakusalimu polepole leo. Natumaini una afya.

Ule mpira umekubali. Ule wa tairi la pikipiki nilioujaribu kwanza ulikuwa mgumu kama moyo wa askari wa bariere ya barabarani, lakini wako umekaa kama umezaliwa mle. Nilifunga macho jioni. Nilipoamka yote mawili yalikuwa yamelala. Félicien, baba yako mdogo, alinikuta nimeyapigia saluti.

Umeuliza, nakujibu. Silali. Nilidhani ni gari linaloniamsha, nikitengeneza nitalala. Nimetengeneza, na bado natoka nje kuzunguka uani. Natafuta kitu cha kukaza, hakipo. La kushoto lilikuwa halilali, na la kulia jina lake linajieleza, mradi hakuna anayeniona. Aline wako hakukosea sana, ila usimwambie, atarudi na chorale.

Jikoni pamepoa, sikudanganyi. Mimi nakula kwa Félicien. Ule mlango wa jiko siufungui hata mimi. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako.

Gari lina viti viwili. Kimoja changu.

Papa yako,
Mathieu


Uvira, Kasenga
8 Julai 2024

Laure,

Salamu. Boti imefika, Jean-Berchmans ameshuka mikono mitupu. Nilimuuliza mara mbili, nikidhani sikusikia.

Ya pili inafika kabla ya tarehe 20. Nitakuwa bandarini.

Papa yako


Uvira, Kasenga
22 Julai 2024

Binti yangu,

Natumaini huumwi. Hilo ndilo la kwanza ninaloliwaza, na ndilo la kwanza ninaloliandika.

Nilikungoja Kalundu hadi wakashusha gunia la mwisho. Kisha nikaenda peke yangu. Barabara ya bonde ni vumbi na mashimo, pale Sange watu walinisimamisha kulishangaa gari, vijana wakataka picha. Nilivaa suti. Uani Luberizi watu wamejaa, nyanya yako amekalishwa mbele, amekuwa mdogo, lakini mdomo ni ule ule. Nikasimamisha gari mbele yake, nikagusa swichi.

Yakaamka, Laure. Yote mawili, pamoja, taratibu, kama mtu aliyelala vizuri. Nyanya yako akayatazama muda mrefu, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: “Sasa ndio ananisalimia.” Nikalia mbele ya wakwe, bila aibu. Wazee hawakunitoza kitu.

Kisha akasogea kwenye gari, akaona kiti kitupu. Akaniuliza: “Na mutoto wa Honorine iko wapi?” Nikasema yuko njiani. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hakubisha. Walipogawa nguo za mama yako, akachukua kile kitenge cha kijani alichokuwa akivaa marehemu sokoni, akakiweka kwenye kiti chako, akaniamuru nikifunge mkanda. “Kisianguke ku njia,” akasema. Nimerudi nacho hadi Uvira kimekaa wima kama abiria.

Nilipofika nyumbani nilifanya jambo ambalo fundi mwenye akili hafanyi. Nilichomoa mpira wa jicho la kushoto, nikauziba ncha. Liko wazi sasa, mchana na usiku, linatazama njia inayotoka bandarini. La kulia limelala. Wapita njia wananiambia gari lako linatukonyeza. Nawaambia haliwakonyezi ninyi, linamngoja mtu.

Sitalifunga mpaka uje. Na sitakuandikia tena kukuomba.

Papa yako,
Mathieu


Kalundu, bandarini
3 Agosti 2024

Papa,

Salamu. Mimi mzima. Nakuandikia juu ya gunia la samaki wa ndagala, utanisamehe harufu.

Nimeshuka tangu asubuhi. Miguu imekataa kupanda Kasenga peke yake, ndiyo maana namtuma Jean-Berchmans kwa pikipiki na karatasi hii. Njoo unichukue. Kitenge usikitoe kwenye kiti, nitakipakata. Tukifika tutaufungua ule mlango wa jiko pamoja, wewe upande mmoja, mimi upande mwingine, na tutawasha moto.

Ila kabla hujateremka, rudisha ule mpira. Bandari imejaa watu, usije ukanikonyeza. Simama mbele yangu macho yamefungwa, halafu uguse swichi. Nataka niyaone yakiamka.

Binti yako,
Laure