Miaka Tisa Uchina

Cleophas, acha jembe usome! Nimesimamishwa kutafsiri kanisani.

Mchungaji Tolley alikuwa akijisifu jinsi alivyofundisha Uchina miaka tisa kabla ya kufukuzwa. Nami natafsiri tu Kiingereza chake kwa Ekegusii, lugha yetu.

Mama Bosibori akasimama: "Basi tusalimie kwa Kichina."

Mchungaji hakujua hata neno. Miaka tisa, ndugu yangu! Akajitetea eti wanafunzi ndio waliojifunza Kiingereza.

Mama akasema, "Hata ng'ombe niliyemnunua ugenini alijua Ekegusii kwa wiki moja."

Watu wakacheka. Mchungaji naye akacheka, mpaka nilipomtafsiria. Neno kwa neno!

Sasa nimwombe radhi Jumapili mbele ya watu, la sivyo ananinyang'anya na darasa ninalofundisha.

Nitaomba. Nimetunga beti sita kwa Ekegusii, na yule ng'ombe yumo. Mwaka wa nne huu yuko hapa Ogembo, bila shaka hahitaji mkalimani.