Karata za Jumamosi kwa Marselino

Kasulu, 6 Machi 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima, Claudine na mdogo wake wanakwenda shule. Mguu wa Mama unaendeleaje? Nimeandika barua kwa sababu ukipigiwa kwenye simu ya jirani yenu Nkunzimana, Busunzu nzima inasikiliza.

Baba, cherehani yangu haipo. Sylvesta ameipoteza kwenye poka. Kila Jumamosi mchana wanaume hukusanyika nyuma ya karakana ya Marselino, fundi mbao, wanacheza kwa vifuniko vya soda vyenye thamani waliyopatana. Mume wangu alipoishiwa vifuniko aliweka cherehani, Marselino akaishinda.

Nikamuuliza, "Ilikuwa ya kwako?"

Akasema, "Esteri, nilikuwa na karata nzuri."

Mama aliwahi kuniambia kwamba kule kambini, enzi za ukimbizi, watu walikuwa wakikuogopa kwa mchezo huo. Sikuombi uje umkaripie Sylvesta. Nifundishe mimi. Marselino amekubali nikae mezani niigombee. Mimi nimeweka mbuzi wangu wawili.

Ni mimi mwanao,
Esteri

Busunzu, 13 Machi 2023

Mwanangu Esteri,

Amahoro. Mguu wa mama yako umepona, jana alikwenda shambani hata fimbo hakuchukua. Wasalimie wajukuu.

Ni kweli, nilicheza. Alinifundisha Mkongomani tuliyepakana naye hema. Habari ya kupewa karata tano, kubadilisha usizozitaka na kuweka dau, Sylvesta atakuonyesha. Mimi nikwambie lile ambalo naona halijui.

Anayeweka dau anawasimulia wenzake kitu. Ukibadilisha karata tatu halafu ukaweka dau kubwa, nani atakuamini? Lakini ukikataa kubadilisha hata moja, ukatulia, ukapandisha, mwenye jozi ya wafalme ataanza kujikuna kichwa. Kuzuga ndiko huko. Dau lako lifanane na ulivyocheza tangu mwanzo.

Ila usimzuge mtu asiyejua kutupa karata. Huyo Marselino akiwa mtu wa kufuata kila dau kwa kuona aibu kushindwa na mwanamke, usimzuge kabisa. Wewe tupa, tupa tena, wakuone mwoga. Siku ukizipata za kweli, pandisha dau. Atakufuata mpaka mwisho.

Na mbuzi wasahau kabla hujakaa. Ukiwafikiria, wenzako watakusoma usoni.

Baba yako,
Ndayisaba

Kasulu, 26 Machi 2023

Baba,

Shikamoo, na Mama pia. Nashukuru kusikia habari za mguu.

Jana nilitupa karata mchana kutwa. Walicheka. Moses, yule muuza misumari, akaniuliza kama nimekuja kupunga upepo. Jioni wakaanza kutazama saa, ndipo nikapata wafalme watatu. Nikapandisha. Marselino akanitazama usoni, akasema, "Mama Claudine, unanizuga." Akasukuma vifuniko vyake vyote katikati. Alikuwa na jozi mbili.

Sylvesta aliibeba cherehani kichwani hadi nyumbani. Ameapa harudi tena kule. Mimi ninamwamini.

Mwanao mwenye furaha,
Esteri

Busunzu, 2 Oktoba 2023

Esteri,

Amahoro. Sisi hatujambo. Tangu Machi hatujapata hata mstari wako mmoja, mama yako anauliza kila basi la Kasulu likipita.

Juzi Jeanne wa kwaya alikuja kumsalimia dada yake huku. Anasema walikupa vitambaa vya majoho ya sikukuu, na sikukuu ikafika wakaimba na nguo zao za kila siku. Anasema pia kwamba Sylvesta haendi tena kwa Marselino. Unakwenda wewe.

Ni kweli?

Baba yako

Kasulu, 15 Oktoba 2023

Baba,

Shikamoo. Pole kwa kunisubiri.

Ni kweli. Lakini mimi si kama Sylvesta. Yeye alikuwa anashindwa. Mimi Moses namjua akizuga, Marselino namjua akiogopa, na karata mbaya naitupa bila uchungu. Majoho yalichelewa, nitawamalizia. Sylvesta anapika Jumamosi, watoto wanakula.

Baba, ukweli ni kwamba nikiwa pale watu wananingoja mimi niseme. Nikirudi kwenye cherehani hakuna anayeningoja isipokuwa mwenye nguo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha.

Esteri

Busunzu, 21 Oktoba 2023

Mwanangu,

Amahoro. Jumamosi ijayo nakuja. Siku hiyo usiende kwa Marselino, utacheza na mimi. Nikishindwa, sitasema tena neno. Ukishindwa, hurudi kule.

Baba yako,
Ndayisaba

Kasulu, 12 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na mgongo haukuuma kwa ile barabara. Claudine anauliza babu atarudi lini.

Wewe ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia mchezo. Lakini kuna kitu hukijui, na kukaa nacho siwezi.

Ile mara ya mwisho mimi nilibadilisha karata mbili. Wewe hukubadilisha hata moja. Ukasukuma vyako vyote. Nikakaa, nikazitazama za kwangu, nikazitupa kifudifudi, nawe ukasema, "Basi, yamekwisha," ukaomba maji.

Nilikuwa na malkia watatu, Baba. Na wewe hukuwa na kitu. Ulipoziona karata zako ulianza kuniuliza habari za paa letu, linavuja upande gani, nani alilipiga misumari. Mtu mwenye karata nzuri haulizi habari za paa. Nilijua kabla hujaweka dau.

Nilikutazama ukikaza uso. Nikafikiri: nikimfuata, nitamshinda baba yangu, atapanda basi arudi Busunzu bila kusema neno kama alivyoahidi, na Jumamosi nitakuwa kwa Marselino, na Jumamosi nyingine, maana kule nani atanishinda? Mkono ulikuwa umeshashika vifuniko. Nikaona afadhali nitupe.

Majoho ya kwaya nimeyakabidhi jana. Jeanne alilivaa la kwake hapohapo mlangoni, akasema mabega yamekaa vizuri.

Marselino alimtuma mtu aje kuniuliza kama ninaumwa. Nimemjibu siumwi. Baba yangu alikuja, akanishinda.

Ni mimi mwanao,
Esteri