Daftari Ndani ya Boksi la Vifungo

Shoga, uko wapi? Nimekwisha!

Si unalijua lile daftari langu la kuchorea? Kila mchana nikishakula namchora mtu mmoja hapa kwetu kwenye ushonaji. Mkata vitambaa na kitambi chake. Mpiga pasi akichokonoa pua. Na bosi, huyo shangazi yako, kalala juu ya cherehani mdomo wazi.

Leo kaja mwenyewe. Kavuta kiti, kakaa mbele yangu, kaweka kilemba sawa. Akasema, "Haya, nichore. Ila safari hii nichore nikiwa macho."

NIKIWA MACHO! Umesikia lakini?

Nilikandamiza penseli mpaka ncha ikakatika.

Sasa kajuaje? Sijamwonyesha mtu. Nalificha ndani ya boksi la vifungo vibovu, hakuna anayeligusa. Nikaanza kumshuku mpiga pasi, maana alikuwa anajichekea.

Halafu nikakumbuka. Habari ya lile boksi nilimwambia mtu mmoja tu dunia nzima.

Tiki zimeshakuwa bluu, shoga. Mbona unaandika halafu unaacha?