Mstari Uliozunguka Ng'ombe

"Mpira ulikuwa nje!"

"Ulikuwa ndani, Halima! Chokaa si iliruka?"

"Chokaa gani, Mzee? Kwani siku hizi refa ni ng'ombe?"

Baba Eddah, mume wangu, hao ni Halima wa duka na Mzee Kabiru wakibishana getini kwako Jumamosi iliyopita. Mwaka mzima umepita tangu utuache, na ule mpira wa fainali bado uko hewani. Ungekuwepo ungewaongezea chai ili wasinyamaze.

Ulipoanza kazi ya ukocha kwenye chuo chetu kidogo hapa Kiplombe, ulikuta uwanja wa murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, wavu wenye matundu na raketi za kugawana. Huu ni mji wa wakimbiaji, na kila mtu alikuuliza mbona usifundishe watoto mbio. "Hata wangu wanakimbia," ulijibu. "Ni vile tu wanarudi haraka." Leo hao wanafunzi wako ni walimu, na huko Burnt Forest wapo wanaofunga kamba kati ya miti miwili na kuuita huo uwanja wa tenisi.

Mpira ukizeeka hukuutupa. Uliupasua ukaivalisha miguu ya viti. Mpaka sasa kanisani hakuna kiti kinachopiga kelele, wala dukani kwa Halima.

Lakini tunachokosa zaidi ni zile Jumamosi. Mechi ikiisha, timu zote mbili zilijaa kwetu mpaka wengine wanakalia ndoo, na sheria yako ilikuwa moja: aliyeshindwa anapakuliwa kwanza. Mshindi angoje na sahani mkononi, ameze mate. Ulisema yeye ameshashiba.

Ni Kocha Kimutai wa Kapseret peke yake aliyekataa sahani yako, na yeye alikuwa rafiki yako kabla hamjaota hata mvi. Asubuhi ya ile fainali ulikuwa unapaka mistari chokaa, ng'ombe wa jirani yetu Farah akaja akalala pembeni mwa uwanja, pale pale mstari unapopita, anacheua. Mtu mwingine angemfukuza. Wewe ulimzunguka na chokaa kwa nje, ukasema utanyoosha akiamka. Wageni wakafika, ukasahau. Na mpira wa mwisho wa kijana wako, kati ya mipira yote, ukaenda kuanguka pale pale palipopinda. Ukifuata chokaa, ndani. Ukifuata kamba ya kunyooshea mistari, nje. Kombe likabaki kwetu. Kimutai akasema kula kwanza ni kukubali ameshindwa, akaondoka na vijana wake na njaa yao.

Ulimpigia simu, hakushika. Kila Jumamosi ulipakua sahani moja ukaifunika. "Kimutai atakuja," ulituambia, nasi tukawa tunacheka. Hata hospitalini uliuliza kama amekula kwetu. Siku ya mazishi alisimama nje ya geti mpaka watu wakaisha, kisha akaenda zake. Hilo ndilo lililotuuma.

Basi Jumamosi hiyo iliyopita vijana walikuchezea mechi ya kumbukumbu. Kufika uwanjani, tukamkuta Kimutai na ndoo, suruali nyeupe kwa chokaa hadi magotini. Alikuwa amechora mistari yote. Na pale pembeni alikuwa amezunguka, vile vile ulivyozunguka wewe, na ng'ombe hayupo.

Halima akaruka. "Kocha, hiyo line imepinda! Nyoosha!"

"Wacha hivyo, Mama. Uwanja ni wa Mbuthia, na hivi ndivyo alivyouchora." Akapangusa mikono. "Mpira ulikuwa ndani."

Mzee Kabiru alirusha kofia juu. Halima bado hajakubali, usijali.

Jioni nyumba ilijaa kama zamani. Tulikuwepo sote tusioweza kukusahau: mimi mkeo Muthoni, binti zako Eddah na Janice, dada yako Virginia aliyepika kama wa jeshi, na majirani hawa waliojifanya ndugu tangu lini. Madhali kuna mtu mtaani humu wa kubishana juu yako, Kocha Mbuthia, utakuwa nasi.

Sahani yako ile nilikuwa nimeshaipakua. Kimutai alikuwa amesimama getini tena, anaangalia viatu vyake.

"Kocha," nikamwita, "umeshindwa ama hujashindwa?"

"Nimeshindwa, Mama Eddah."

"Basi ingia ule. Hawa wengine wote wanakungoja wewe uanze."