Damu ya Kaka Polycarp

Mtaa wa Swahili,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
16 Mei 1974

Mpendwa Dada Klara,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimekuachia. Mimi mwili haujambo. Unga tunaopata sasa ni wa yanga, yale mahindi ya njano, na huo nao tunaupangia foleni, lakini hatujalala njaa.

Najua simu ya maandishi niliyokupelekea imekushtua. "Polycarp mgonjwa, njoo." Maneno hayo hayatoshi. Kama ruhusa ya shuleni unakofundisha bado haijatoka, nataka ujue yaliyotokea.

Ijumaa kaka alikwenda mtaa wa Gerezani kutafuta springi ya lori lake la maharage. Mkokoteni uliojaa vyuma ukawaponyoka waliokuwa wakiusukuma, mpini ukamkita tumboni. Alianguka, akainuka, akajipangusa vumbi na kuwatania: "Mngeniua, nani angewauzia maharage?" Jumapili aliimba kwaya kama kawaida yake, ile sauti nzito unayoijua. Jumatatu tumbo likaanza kumsokota na homa ikapanda. Mimi na wifi Elieshi tukampeleka hospitali.

Aliingia chumba cha dharura kwa miguu yake, Dada. Aliwachekesha wauguzi. Kitanda cha pili alilazwa Mzee Zahoro wa Kivukoni, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. Hakuwa na fahamu, anakoroma tu. Mkewe, Bi Mwanamkuu, alikuwa analia, na ndugu zake walishaanza kumsomea Yasini. Nilimhurumia sana. Nikasema moyoni, afadhali sisi.

Daktari Marcelino aliagiza wote wawili watolewe damu. Majibu yaliporudi, akaamuru kaka ahamishiwe kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi, kisha akaniita pembeni.

"Mgonjwa wako ndiye ninayemwogopa," aliniambia.

"Si yule mzee?"

"Yule damu yake ni nzuri. Ukimtazama kaka yako ni mzima. Ukiisoma damu yake, si mzima."

Alinieleza taratibu. Vipimo vyenyewe ni vile vya kila siku: wingi wa damu, chembe nyeupe, chumvi, na taka ambazo figo hutakiwa kuzitoa. Yeye amekuwa akilinganisha majibu ya watu wanaoletwa mahututi na jinsi walivyoishia. Vipimo hivyo vikiharibika vyote kwa pamoja, alisema, wengi hawarudi nyumbani. Nikamwuliza kama wengi ni wote. "Si wote," akajibu, "ndiyo maana nataka kumpasua leo."

Kaka akakataa. "Nipasuliwe kwa sababu ya karatasi? Tumbo ni langu, najua linavyouma." Elieshi naye akamwunga mkono, akasema watu wakipasuliwa ndipo wanapokufa. Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka. Akanipiga begani na kunicheka. Daktari hakuweza kumlazimisha.

Kesho yake Mzee Zahoro alifumbua macho, akaomba maji. Jioni alikula uji. Jumatano akatoka akitembea, amemshika mkewe bega, na ndugu zake wakimshukuru Mungu kwa sauti hadi nje. Kila mtu wodini alifurahi. Mimi nikakaa sakafuni. Daktari alikuwa amesema kweli juu ya yule mzee. Nikajua amesema kweli na juu yetu.

Nilipogeuka, kaka alikuwa ananitazama. Hakuwa anacheka tena. Jasho lilikuwa limelowesha shuka, na midomo imekuwa kama ya mtu aliyelamba majivu. "Severa," akasema, "mwite daktari."

Walimpasua wakakuta utumbo umetoboka, usaha umejaa. Wakausafisha na kuushona. Amezinduka, anatutambua, lakini mkojo umekuwa haba na maneno yanamtoka moja moja. Elieshi anawaambia majirani kwamba Jumapili atatoka. Ameshamfulia shati la kurudia nyumbani na kulipiga pasi.

Leo asubuhi wamemtoa damu tena. Mchana nilimkuta Daktari Marcelino varandani, ameshika majibu. Siku zote huanza kunieleza kabla sijauliza. Leo alinishika mkono, akaniuliza kama tuna ndugu wa mbali, na kama tumeshawaita. Nikamjibu kwamba tuna dada yetu mkubwa. Akasema, "Basi aje," akaenda zake. Ndipo nilipokimbia posta kukupelekea ile simu.

Nisalimie shemeji Anselmi na umbusu Winifrida. Mwombe Padre amtaje kaka katika Misa. Wasalimie pia majirani zako, ila habari hizi usimwandikie Mama huko Kibosho mpaka uwe umefika hapa, tuone tutamwambia nini. Bikira Maria akutangulie njiani.

Nimemwambia kaka kwamba nakuandikia. Akasema, "Mwambie Klara sijambo." Nami nimemwahidi nitakufikishia. Amesema hajambo, Dada. Lakini panda gari moshi la kwanza utakalolipata.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Severa