Maharage ya Deni Langu

Shangazi, shikamoo.

Nimeandika salamu, kisha nikakaa kusubiri marahaba yako. Ujinga gani huu! Miezi miwili tangu tukuzike Usagara, bado sijazoea.

Nina habari moja kubwa: cherehani ni yangu. Jana nimelipa fungu la mwisho, karani akanirudishia karatasi ya rehani. Nilitoka pale mbio, nikiogopa asije akaniita tena.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye deni hili? Nilidaiwa elfu sitini na yule mkopeshaji wa sokoni, riba inanikaba koo. Ndipo ikafunguliwa ile ofisi mpya mjini. Tangu hili soko huria lianze, kila mwezi kuna kitu kipya. Wakaniambia: tunalihamisha deni lako kwetu, utalilipa polepole, miezi sita bila riba. Nikaona nimepona. Na ukitaka nyongeza, chukua. Mimi nikawaza, akina mama wa Kisesa wakishauza pamba, harusi zinafuatana, nani atawashonea? Nikachukua elfu arobaini nyingine, nikanunua vitenge. Nilidhani ile miezi sita inafunika vyote. Sikuuliza. Na wewe nilikuficha, maana nilijua utanisema.

Nililipa elfu kumi kila mwezi. Mwezi wa tatu nikategemea limebaki elfu sabini. Risiti ikasema themanini na tatu! Nikaja kwako nalia, nikijua cherehani inaondoka.

Hukunifokea. Uliisoma risiti mara mbili, wewe uliyepimia watu pamba kwenye chama cha ushirika miaka yote, ukasema, "Lete sinia."

Ukahesabu maharage makavu, punje moja elfu moja. Sitini ukayaweka kwenye sinia: deni lililohama, halina riba. Arobaini kwenye kikombe: la vitenge, riba tangu siku ya kwanza, kumi kwa mia kila mwezi. Kwa kila mwezi niliolipa, uliondoa kumi kwenye sinia, kisha ukaongeza punje kwenye kikombe. Na mwezi uliofuata riba ikahesabiwa hata juu ya zile zilizoongezwa. Hela yangu yote ilikuwa inakwenda kwenye deni lisilo na riba. Lile lenye riba lilikuwa limekaa kikombeni, linanenepa.

"Hukuibiwa, mwanangu," ulisema. "Hukuuliza."

Iliniuma, Shangazi. Lakini nilielewa, na sijawahi kuelewa kitu vile shuleni.

Halafu lile gulio! Miguu yako imevimba, umekaa juu ya ndoo, unanadi vitenge vyangu kwa bei ileile niliyonunulia. "Chukueni, jamani, fundi huyu kachanganyikiwa!" Watu wakacheka, wakanunua. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Siku ile nilikuchukia kidogo, nisamehe. Hela ile ilimaliza deni la sinia, ikagusa na kikombe. Tangu hapo kila sare ya shule niliyoshona ilipunguza kikombe. Ningesubiri harusi, ningekwisha. Wanunuzi wa pamba walichelewa kulipa mwaka huu, na mpaka leo wapo wakulima wanaowadai.

Baada ya mazishi nilikikuta kikombe chini ya kitanda chako. Nikahesabu: punje ishirini na tano, sawasawa na risiti yangu ya mwezi ule. Kumbe ulikuwa unaongeza na kupunguza kila mwezi, hata ulipokuwa huwezi kukaa. Nililia mpaka wifi akaja kuniangalia. Asante. Hakuna mtu mwingine aliyenibebea jambo langu hivyo, kimyakimya.

Nikaendelea kuhesabu mwenyewe mpaka jana. Leo nimeyapika, ya sinia na ya kikombe. Yamekuwa makongwe kweli, mkaa umekwisha nayo hayajaiva! Nimeyala hivyohivyo, nikacheka peke yangu. Ungesema deni langu ni gumu mpaka kwenye sufuria.

Pumzika, Shangazi. Nakuahidi sitaweka sahihi kwenye karatasi yoyote kabla sijauliza riba inaanza siku gani, na hela yangu inapunguza lipi kwanza.

Na sikuyapika yote. Jirani yangu, Mama Kulwa, anataka kuhamishia deni lake ofisi ileile, na tayari anaulizia bei ya kanga za kuuza. Kesho asubuhi anakuja kunionyesha karatasi. Nitamkaribisha, nitamsikiliza mpaka amalize, halafu nitamwambia, "Lete sinia."