Maneno ya Baba Mkwe Wangu Yamo Kinywani mwa Mwingine

Mama Mshauri, naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu humu nyumbani hakuna anayenisikiliza. Baba mkwe wangu, Mzee Genzaburo, alikuwa benshi, msimulizi wa filamu bubu, yule anayekaa kando ya pazia la sinema na kuzisemea picha zote, mwanamume, mwanamke na mtoto, mpaka zikaja filamu zinazojisemea akaachishwa kazi, akauza viatu hadi uzeeni, na mwaka juzi kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na sauti yote. Filamu aliyoipenda kuliko zote, ile ya mama anayemwacha mwanawe darajani, tulidhani iliungua vitani, kumbe nakala moja ilisalia, na mume wangu Yasuhiko akahangaika namna ya kumwonyesha hapahapa nyumbani, maana hawezi kubebwa hadi jumba la sinema, akauliza maktaba wakasema hawaazimishi, akatafuta projekta ya kukodi akakosa, mwishowe akapata kaseti ya video kutoka Osaka, nami nilifurahi, sikatai.

Tulipoiweka ikatoka sauti. Ilikuwa ya Ransui, aliyekuwa mwanafunzi wa mzee, ambaye siku hizi hualikwa hata redioni, na alichosema ni masimulizi ya baba mkwe wangu neno kwa neno, nayajua kwa sababu tangu niolewe humu aliyasema akinyoa ndevu, akimenya figili, akingoja maji ya kuoga yapate moto. Mzee akageuzia uso ukutani. Yasuhiko akaongeza sauti, akasema, "Baba, si maneno yako haya? Angalau hayajapotea."

Sasa Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, inakaribia, shangazi za Yasuhiko watakuja kuzuru makaburi, naye anataka wote waione kwa sauti hiyohiyo. Nilimwambia tuizime, nisimulie mimi. Akacheka. "Wee, shangazi watasema nimeoa kasuku." Na hata mzee mwenyewe sijui kama angependa, maana ninapomwosha humsemea vipande nimchangamshe, na nikikosea neno hugonga kitanda kwa mkono wa kushoto, hugonga tu, mpaka nirudie sentensi tangu mwanzo, naogopa namuudhi. Nifanye nini?

Mkaza mwana, Kanazawa

Mkaza mwana,

Pole. Lakini umemwomba mumeo ruhusa, sasa unaniomba mimi, na mwenye masimulizi yuko kitandani hujamuuliza. Unasema hugonga unapokosea. Unapopatia je? Hunyamaza, akakuacha uendelee. Huyo hajaudhika, mama. Anakufundisha, ila wewe hukujua kwamba uko darasani.

Kuhusu Ransui sina la kukufariji. Huenda anadhani mwalimu wake alishakufa, huenda anajua yu hai. Usimwandikie. Hata akija kuomba radhi, mzee hana sauti ya kumjibu, nawe utakuwa umemletea aibu ya pili mlangoni.

Mumeo si mtu mbaya. Alihangaikia kaseti ile, na anaona haya kukubali kwamba imemuumiza baba yake, ndiyo maana aliongeza sauti. Mwambie hivyo mkiwa wawili, mara moja tu, kisha unyamaze.

Leo usingoje. Mketishe mzee, zima sauti ya televisheni, umuulize waziwazi: "Baba, nisimulie?" Akikataa, filamu itazamwe kimya, na shangazi wauvumilie ukimya huo kama anavyouvumilia yeye. Akikubali, kaa kando ya televisheni mahali anapokuona, na usimwigize. Sema kwa sauti yako. Akigonga, simamisha picha mbele ya wageni wote, rudia sentensi. Wakikuita kasuku, waite. Hawatakuwa wamepata kusikia kasuku anayesahihishwa na mwenye maneno.

Mkifika darajani usilie. Hiyo ni kazi ya watazamaji.

Na rimoti usimwachie mumeo. Mpe mzee, mkono wa kushoto anao.